Samaki wa Unguja Walivyoingia Vitabuni

Mtu wa Ng'ambo akitaka kitoweo asubuhi huvuka barabara ya Creek na kuingia Darajani. Jina la mahali linajieleza: palikuwa na daraja, na chini yake maji ya bahari yalijaa na kutoka, yakiutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, ndio Ng'ambo. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika karne iliyopita. Soko lililojengwa ukingoni mwake mwaka 1904 bado lipo, na mnada wa samaki Darajani ni mahali pazuri pa kuanzia habari hii. Nilipoanza kusoma historia ya utafiti wa bahari yetu nilitarajia kukutana na meli kubwa na mitambo. Nilichokutana nacho zaidi ni ngarawa, diko na soko.

Katika miaka ya 1860 konseli wa Uingereza hapa Unguja alikuwa Robert Lambert Playfair. Alikusanya samaki akawapeleka London kwa Albert Günther, bingwa wa samaki wa Makumbusho ya Uingereza, na mwaka 1866 wawili hao wakatoa kitabu kizima juu ya samaki wa Zanzibar. Mwaka 1901 na 1902 akaja Cyril Crossland, aliyekusanya viumbe wa pwani hii, na wataalamu mbalimbali wakagawana kazi ya kuwaeleza. Historia inawakumbuka hao. Waliotega dema na kuvuta nyavu haiwakumbuki, na hilo linaniuma.

Kisa kinachonishika zaidi ni cha mwaka 1952. Profesa J. L. B. Smith wa Afrika Kusini na mkewe Margaret walifika Unguja katika safari yao ya kukusanya samaki. Miaka 14 nyuma, Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer alikuwa amemwona bandarini East London samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria: silakanti. Smith alitaka wa pili. Alichapisha karatasi yenye picha, akiahidi zawadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili, lugha ya wavuvi wa sehemu kubwa ya pwani hii, hakikuwamo.

Hapa Unguja Bibi Smith alikutana na nahodha Eric Hunt, mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwenda Ngazija na visiwa vyenzake, akampa karatasi zile azisambaze. Desemba mwaka huohuo, huko Nzuwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua samaki mkubwa mwenye mapezi yanayofanana na miguu, akampeleka sokoni. Alikuwa karibu kukatwa vipande pale mwalimu Affane Mohamed alipoikumbuka picha. Samaki akabebwa na kuvushwa kisiwa hadi kwa Hunt, akatiwa chumvi na dawa asioze, na Smith akaruka kwa ndege ya jeshi kumfuata. Wavuvi wa visiwa vile walimjua siku zote. Walimwita gombessa.

Wakati huohuo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Baharini la Afrika Mashariki liliweka makao yake Unguja. Hapo kazi ilibadilika: baada ya kuuliza kuna samaki gani, ikaulizwa wanaishi katika maji ya namna gani. B. S. Newell alipima joto na chumvi ya maji, msimu baada ya msimu. Kusi linapovuma kwa nguvu huchanganya maji ya juu na ya chini na kuyapoza. Kaskazi ikiingia, maji ya juu hupata moto. Mvuvi aliyajua hayo kwa mwili wake. Sasa yakawa na tarakimu, na tarakimu za mwaka huu zikaweza kulinganishwa na za mwaka ujao.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika nalo likafa. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Unguja Taasisi ya Sayansi za Bahari. Wapiga mbizi wake hutandaza utepe wa kupimia juu ya matumbawe na kuandika kila kilicho chini yake. Matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalipopauka kwa joto mwaka 1998, vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyoweza kuonyesha kilichopotea. Lakini kazi ya dikoni, wavuvi wanaposhusha samaki, haikuachwa. Anayehesabu samaki hupima uzito wa mapato, akauliza pia: mmetoka wangapi, kwa zana gani, kwa saa ngapi? Kilo zikiwa zilezile na saa zikawa maradufu, samaki wamepungua, hata mnada ukiwa umejaa.

Mwezi wa Julai 2007 wavuvi wa Nungwi walivua samaki wasiyemfahamu. Wakawaarifu watafiti wa Taasisi, iliyokuwa Mizingani karibu na bandari, nao wakaenda mbio. Alikuwa na urefu wa mita 1.34 na uzito wa kilo 27. Silakanti, miaka 55 baada ya Bibi Smith kugawa karatasi zake hapa Unguja.