Garnieriti: Jina Moja, Madini Mengi
Mwaka 1864 mhandisi Mfaransa Jules Garnier aligundua mawe ya kijani yenye nikeli katika kisiwa cha Kaledonia Mpya. Miaka kumi baadaye Archibald Liversidge wa Sydney aliyaita garnieriti, kana kwamba ni madini ya aina moja. Jina lilitangulia elimu. Katika kisiwa hicho mvua huozesha miamba ya peridotiti kwa muda mrefu mno. Nikeli iliyomo katika olivini huyeyuka, hushuka na maji hadi kwenye nyufa za chini, na huko hushika nafasi ya magnesiamu ndani ya madini ya jamii ya serpentini, talki na udongo wa mfinyanzi. Garnieriti ni mchanganyiko wa hayo. Wataalamu hawaihesabu tena kuwa madini kamili. Wachimbaji, wanaofuata rangi, hawajaliacha jina hilo.