Usiku wa Tassafaronga: Msafara wa Guadalcanal, Novemba 1942

Mabaharia wa pwani yetu hutofautisha kupwelewa na kupweleza. Chombo kilichopwelewa kimekwama pasi na kutaka mwenyewe. Kilichopwelezwa kimepandishwa mchangani kwa kusudi. Tofauti hiyo ya mnyambuliko inatufaa katika kulieleza tukio la alfajiri ya tarehe 15 Novemba 1942 katika kisiwa cha Guadalcanal, Visiwa vya Solomon.

Mwezi Agosti mwaka huo Wamarekani waliuteka uwanja wa ndege uliokuwa ukijengwa huko na Wajapani. Tangu hapo mchana ulikuwa wa Wamarekani, na usiku wa Wajapani. Manowari ziendazo kasi zilishusha askari gizani na kuondoka kabla ya mapambazuko, lakini hazikuweza kubeba mizinga mizito wala chakula cha kutosha. Jeshi la msituni likazidi kwa idadi na kwa njaa pia. Ndipo Admirali Tanaka Raizo alipokabidhiwa msafara wa meli 11 za uchukuzi, zenye askari wapatao 7,000.

Mpango huo ulikuwa na sharti moja: uwanja upigwe mizinga usiku, ili ndege zisiweze kuruka asubuhi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 manowari kubwa zilizuiliwa baharini, na mashambulio ya usiku uliofuata hayakutosha kuuharibu uwanja. Tarehe 14 ndege ziliruka, na meli saba zikapotea. Usiku huo manowari Kirishima nayo ilizamishwa. Tanaka, aliyebakiwa na meli nne, alizipweleza karibu na Tassafaronga.

Hata hivyo, kupweleza si kupakua. Kulipopambazuka, ndege na mizinga ya nchi kavu ziliziteketeza meli pamoja na shehena. Askari wapatao 2,000 walifika pwani wakiwa na chakula kidogo mno. Waliokuja kuwaokoa wenzao wakawa walaji wa ziada. Februari 1943 Japani iliwaondoa manusura wapatao 10,000. Maelfu walikwisha kufa kwa njaa na maradhi.

Mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, ambao lugha yao ya pamoja jeshini ilikuwa Kiswahili, walipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw, Burma. Wao waliangushiwa chakula kwa ndege. Kwa hiyo, mwanahistoria anayehesabu askari waliofikishwa vitani hana budi kuhesabu pia magunia ya mchele.