Mlinzi wa siri wa ndege

Mlinzi wa siri wa ndege ni afisa wa usalama anayesafiri ndani ya ndege ya abiria akiwa na silaha lakini amevaa nguo za kiraia, ili asitambulike na abiria wengine. Kazi yake kuu ni kuzuia utekaji nyara wa ndege na mashambulizi mengine yanayohatarisha maisha ya watu waliomo safarini. Kwa kawaida huwa mtumishi wa serikali, kama vile polisi au mwanajeshi, hata kama ndege ni mali ya kampuni binafsi.

Historia

Marekani ilianza kuweka walinzi wa namna hii baada ya ndege zake kutekwa na kupelekwa Kuba mwaka 1961. Mwaka huo Rais John F. Kennedy alitia saini sheria iliyofanya utekaji nyara wa ndege kuwa kosa la jinai la shirikisho. Kundi la kwanza la walinzi 18 lilimaliza mafunzo mwaka 1962.

Israeli ilifuata njia hiyo baada ya ndege ya shirika la El Al kutekwa Julai 1968 na kupelekwa Algiers. Tarehe 6 Septemba 1970 wapiganaji wa kundi la Kipalestina la PFLP walijaribu kuteka ndege nne kwa siku moja. Katika ndege ya El Al jaribio lilishindwa: mtekaji mmoja alipigwa risasi akafa, na mwenzake, Leila Khaled, alikamatwa ndege ilipotua London. Siku chache baadaye Rais Richard Nixon alitangaza kwamba walinzi wenye silaha watawekwa katika ndege za Marekani. Mpango huo ulipunguzwa sana baada ya mwaka 1973, wakati ukaguzi wa abiria wote na mizigo yao ya mkononi ulipoanza kuwa lazima viwanjani.

Mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 yalibadilisha hali hiyo. Siku hiyo Marekani ilikuwa na walinzi 33 tu, na hakuna aliyekuwemo katika ndege nne zilizotekwa. Maelfu waliajiriwa baadaye, lakini idadi yao kamili ni siri. Nchi nyingine zilizo na walinzi wa namna hii ni pamoja na Ujerumani, Kanada, Australia na Uhindi.

Afrika Mashariki

Ethiopia ni kati ya nchi za Afrika zilizotumia walinzi hao mapema. Tarehe 8 Desemba 1972 kundi la watu saba lilijaribu kuteka ndege ya Ethiopian Airlines muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa. Walinzi waliokuwemo waliwafyatulia risasi na kuwaua wengi wao. Bomu la mkono lililipuka ndani, lakini rubani aliweza kuirudisha ndege salama.

Safari nyingine ziliisha kwa namna tofauti. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliotaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu. Ilipitia Nairobi, Jeddah na Athens, kisha ikatua Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilitekwa na watu watatu waliodai ipelekwe Australia. Hawakumwamini rubani alipowaeleza kwamba mafuta hayatoshi. Yalipokwisha, ndege ilianguka baharini karibu na Ngazija, Komori. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa.

Utendaji kazi

Walinzi hupanda ndege wakiwa wawili au zaidi na huketi mahali wanapoweza kuuona mlango wa chumba cha marubani. Abiria hawaambiwi, lakini rubani mkuu hujulishwa idadi yao na viti vyao. Wanatakiwa kutojitokeza kwa sababu ya ugomvi mdogo au ulevi wa abiria, kwani fujo inaweza kuwa mtego wa kuwafichua.

Mafunzo yao hukazia ulengaji wa shabaha mahali pembamba penye watu wengi. Watu wengi hudhani kwamba tundu moja la risasi litapasua ndege nzima. Kwa kweli tundu dogo kwa kawaida haliiangushi ndege. Hatari kubwa zaidi ni risasi kumpata abiria asiye na hatia au kuharibu chombo muhimu.

Sheria

Kwa Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, rubani mkuu ndiye mwenye mamlaka ya kulinda usalama na utaratibu ndani ya ndege inayoruka. Mkataba huo haukuwataja walinzi hao. Protokali ya Montreal ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, iliwatambua kisheria. Mlinzi anaweza kuchukua hatua bila kusubiri ruhusa ya rubani pale anapoona hatua hiyo inahitajika mara moja ili kuokoa ndege au watu. Kupeleka silaha katika nchi nyingine kunahitaji kibali cha nchi hiyo.

Mipaka na ukosoaji

Mlinzi hawezi kuzuia kila hatari. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili yalirushwa kutoka ardhini kuilenga ndege ya Arkia ya Israeli iliyokuwa ikiondoka Mombasa. Yalikosa, lakini mlinzi aliye ndani asingeweza kuyazuia. Mwaka 2014 rubani msaidizi wa Ethiopian Airlines alimfungia nje rubani mkuu na kuipeleka ndege Geneva. Mlango ulioimarishwa baada ya 2001 ili kuwazuia watekaji ndio uliomlinda.

Kosa la mlinzi pia linaweza kugharimu maisha. Desemba 2005 walinzi walimpiga risasi na kumuua abiria mmoja kwenye uwanja wa ndege wa Miami, wakisema alidai kuwa na bomu. Halikupatikana bomu lolote, na mkewe alieleza kwamba alikuwa mgonjwa wa akili. Waendesha mashtaka waliamua kwamba walinzi wasishtakiwe.

Wakosoaji husema kwamba fedha nyingi hutumika kulinda sehemu ndogo tu ya safari, na kwamba milango imara, ukaguzi wa viwanjani na ushirikiano wa abiria huleta faida zaidi. Desemba 2009 mtu aliyejaribu kulipua ndege iliyokuwa ikielekea Detroit alidhibitiwa na abiria na wahudumu. Hakukuwa na mlinzi ndani. Watetezi hujibu kwamba faida kubwa ya walinzi ni mashaka yenyewe: anayepanga kuteka ndege hawezi kujua ni ipi isiyo na mlinzi.