Skoliosisi
Skoliosisi ni ila ya uti wa mgongo kupinda upande kwa pembe isiyopungua digrii 10, pingili zikijipotoa pamoja nao, hata bega moja likawa juu ya jingine na mbavu za upande mmoja zikatokeza mtu ainamapo. Wengi husadiki kuwa maumivu yake ya kudumu hutulizwa kwa kulala tu. Dhana hiyo yadhuru, kwani misuli isiyotumika hudhoofu. Kinyume cha kulala tu, Katharina Schroth wa Ujerumani, aliyekuwa na skoliosisi mwenyewe, alibuni mazoezi ya kupumua mbele ya kioo, pumzi ikielekezwa kwenye ubavu uliobonyea. Naye Usain Bolt wa Jamaika, kwa kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, hali uti wake umepinda.