Usiku Mmoja wa Fleeming Jenkin

Ujumbe unaoutuma kutoka Dar es Salaam kwenda London hausafiri angani, kama wengi tunavyodhani. Unapita chini ya bahari, ndani ya mkongo. Mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, lakini miaka 130 kabla yake, mwaka 1879, waya wa telegrafu kutoka Aden ulikuwa umeshafika Zanzibar. Nilikuwa nikifuatilia historia ya nyaya hizo nilipokutana na Fleeming Jenkin, mmoja wa wahandisi wa mwanzo waliojifunza kutandaza na kuopoa nyaya baharini.

Jenkin alizaliwa Kent, Uingereza, mwaka 1833. Alisoma Genoa, Italia, na mwaka 1868 akawa profesa wa kwanza wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alishirikiana na William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin. Wachumi nao wanamkumbuka kwa michoro yake ya ugavi na mahitaji. Wasifu wake ungeweza kuishia hapo, kwa vyeo na hataza, kama zinavyoishia tanzia nyingi za wahandisi.

Lakini kuna usiku mmoja. Alipozaliwa mtoto wao wa pili, mkewe Anne aliugua vibaya. Jenkin alikimbia kama maili mbili kumwita daktari, akarudi naye katika gari la wazi huku amelowa jasho. Walipofika, Anne, akiwa nusu hajitambui, akaushika mkono wa mumewe. Daktari aliagiza milango na madirisha yafunguliwe ili hewa ipite, na mgonjwa asisumbuliwe kabisa. Basi Jenkin akajikunyata sakafuni, katikati ya upepo wa baridi, akakaa hivyo hadi asubuhi bila kuutoa mkono wake. Tangu hapo maumivu ya viungo hayakumwacha.

Mwili huo wenye maumivu hakuufungia ndani. Aliwapeleka wanawe kuvua samaki na kuwinda katika nyanda za juu za Scotland, akajaribu kujifunza Kigaeli, kikamshinda. Huko Alt-Aussee, katika milima ya Austria, alijifunza lahaja ya wenyeji na kucheza ngoma zao. Hakupenda kuwa mtalii wa kutazama watu kwa mbali.

Tunayajua haya kwa sababu ya mtoro mmoja wa darasa. Robert Louis Stevenson, mtoto wa ukoo uliojenga minara ya taa, alikuwa mwanafunzi wake asiyehudhuria vipindi. Alipoomba cheti, Jenkin alimwambia wazi kwamba hastahili. Hata hivyo wakawa marafiki. Jenkin alifariki Juni 1885, akiwa na miaka 52, baada ya upasuaji mdogo wa mguu kuleta sumu kwenye damu. Anne ndiye aliyemwomba Stevenson aandike maisha ya mumewe, naye akampa barua ambazo Jenkin alimwandikia kutoka kwenye meli za nyaya.

Wanahistoria wa teknolojia tumezoea kufuata kumbukumbu za kampuni, nazo huhesabu maili za waya. Haziulizi nani alimshika nani mkono. Ndiyo maana mafundi wetu wa reli, wa bandari na wa umeme wanatoweka: ripoti zina majina ya mitambo yao, na wanaojua walivyopenda kuvua samaki au kuwabeba watoto mabegani ni wajane, watoto na wanafunzi wao, ambao hakuna aliyewauliza.

Mradi wa mwisho wa Jenkin, njia ya kusafirisha mizigo juu ya nyaya kwa umeme, ulifunguliwa huko Glynde Oktoba 1885, miezi minne baada ya kifo chake. Haukudumu miaka mingi. Barua alizozihifadhi Anne bado zinasomwa.