Usimamizi wa pamoja wa misitu: doria kwa kijiji, mapato kwa nani?

Usimamizi wa pamoja wa misitu ni utaratibu ambao Serikali na vijiji vinavyopakana na msitu wa hifadhi hugawana wajibu wa kuutunza. Nchini Tanzania umepewa nguvu na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002.

Msitu hubaki mali ya Serikali. Kijiji, kupitia kamati yake ya maliasili, hufanya doria, huzima moto na kuwakamata wavunaji haramu. Ugumu uko kwenye malipo, kwani sheria haikutaja kiwango cha mgawo wa mapato, ikauachia mkataba. Tena mingi ya misitu hiyo ni vyanzo vya maji, ambako kukata miti ya mbao kumekatazwa. Kijiji huambulia kuni kavu na uyoga, ilhali maji huteremka mijini. Mkazi wa Dar es Salaam anywaye maji ya Mto Ruvu, utokao milima ya Uluguru, ni mnufaika asiyetajwa katika mkataba wowote.

Katika misitu ya vijiji, mathalani Duru-Haitemba wilayani Babati, ambako wanavijiji walikabidhiwa usimamizi katika miaka ya 1990, mapato ya msitu hubaki kijijini.