Vita vya Macho katika Ugogo

Sisi tukaao Kikuyu ya Dodoma na katika vijiji vya Ugogo twaujua sana ugonjwa wa vikope. Macho ya mtoto huwa mekundu, kope huvimba, tongotongo hutoka, na nzi humwandama. Miaka ikipita, kope hujikunja kwa ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho hata kikawa cheupe. Ndipo upofu uingiapo.

Watu wa kale waliona wekundu, uvimbe, joto na maumivu, wasijue maana yake. Mwaka 1882, huko Messina katika Italia, mtaalamu wa Urusi aitwaye Metchnikoff alimchoma kinyama mchanga wa baharini kwa mwiba. Alipotazama kwa darubini aliona chembe za mwili zimeuzingira mwiba ule. Akatambua ya kuwa mwili hupigana na kila kiuingiacho. Basi uvimbe ni alama ya vita.

Vita vya vikope huamshwa na kijidudu kiendacho kwa vidole, vitambaa na nzi. Vikija mara moja, jicho hupona. Vikirudi mara nyingi huacha makovu, kama shamba lipitwalo na majeshi kila mwaka. Hivyo mwili, katika kujilinda, hujiharibu wenyewe.

Kongwa, iliyo mashariki ya Dodoma, ilipata kuwa mahali pa uchunguzi wa jambo hili. Vijiji sita vilipewa dawa ya macho ya kupaka, na vitatu kati yake vikafundishwa zaidi kuwaosha watoto nyuso. Matokeo yalichapwa mwaka 1995 katika gazeti la waganga, Lancet: vikope vikali vilipungua zaidi katika vijiji vile vilivyofundishwa. Baadaye dawa ya kumeza, azithromaisini, iligawiwa vijijini.

Lakini likabaki swali: je, kijidudu kimekwisha? Jicho laweza kubaki jekundu hali adui amekwisha kuondoka. Kwa hiyo wataalamu waliitafuta habari katika damu. Mwili ukipigana hutengeneza kingamwili, nazo hukaa muda mrefu baada ya vita. Mwaka 2012 ilitangazwa kazi iliyotumia damu ya watoto wa Kongwa: tone lililokaushwa juu ya karatasi lilichanganywa na chembe ndogo zilizopakwa protini za kijidudu, na mashine ikapima mwanga wake. Mtoto mdogo akiwa na kingamwili hizo, twajua ya kuwa kijidudu kilipita karibuni, maana umri wake ni mfupi. Watoto waliozaliwa baada ya dawa wasipokuwa nazo, ni dalili njema ya kuwa kijiji kinapona.

Ndugu wasomaji, kipimo hutuambia tu vita vimefika wapi. Hakiwezi kumwosha mtoto uso. Maji kwetu ni haba, na akina mama huyafuata mbali. Hata hivyo uso wa mtoto hauhitaji ndoo nzima, kata moja yatosha. Tusimnyime.